Dayalisisi

Dayalisisi (pia: usafishaji wa damu kwa mashine, katika mazungumzo ya kawaida "kusafisha damu" au "kusafisha figo") ni tiba inayofanya sehemu ya kazi ya figo pale ambapo zenyewe zimeshindwa kuondoa uchafu, chumvi na maji ya ziada mwilini. Haiponyi figo. Inashika nafasi yake tu, tena kwa sehemu: mgonjwa anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki hupata kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya kazi ambayo figo mbili nzima zingeifanya mchana na usiku.

Katika Afrika ya Mashariki watu wengi hulisikia neno hili kwa mara ya kwanza siku ileile wanapoambiwa kwamba ndugu yao anahitaji tiba hiyo, na jibu linatakiwa kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo makala hii inaeleza pia namna figo zinavyoharibika, namna ya kuzitunza, na maisha ya mtu anayeishi kwa mashine.

Kazi ya figo

Binadamu ana figo mbili zenye umbo la haragwe, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 10 hadi 12, zikiwa upande wa nyuma wa tumbo chini ya mbavu. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni, takriban milioni moja. Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na kwa siku moja huchuja lita 180 hivi za majimaji. Karibu yote hurudishwa kwenye damu. Kinachobaki ni lita moja hadi mbili za mkojo.

Kutengeneza mkojo si kazi yake pekee. Figo hurekebisha shinikizo la damu, husawazisha potasiamu na asidi, hukamilisha utengenezaji wa vitamini D inayohitajika na mifupa, na hutoa homoni ya erithropoietini inayouamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu. Ndiyo sababu mgonjwa wa figo huishiwa damu hata kama anakula vizuri, na kumnywesha juisi ya rozela au kiazisukari hakutoshi kuirudisha.

Figo zinavyoshindwa

Kuna namna mbili, na kuzichanganya kumegharimu maisha ya watu.

Ya kwanza ni kushindwa kwa ghafla, kwa saa au siku chache. Husababishwa na malaria kali, kuharisha na kutapika hadi mwili kukauka, kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, kifafa cha mimba, sumu ya nyoka, au dawa fulani. Hapa figo mara nyingi zimezimia, hazijafa. Mgonjwa akisafishwa damu kwa siku au wiki kadhaa, huku chanzo kikitibiwa, zinaweza kuamka na kuendelea na kazi, naye akaachana na mashine kabisa.

Ya pili ni ugonjwa sugu wa figo, unaokwenda polepole kwa miezi na miaka. Vyanzo vikubwa duniani ni kisukari na shinikizo la juu la damu. Vingine ni uvimbe wa vichujio vya figo, maambukizi ya VVU yasiyotibiwa, magonjwa ya kurithi yanayojaza figo vifuko vya maji, mawe, na kuziba kwa njia ya mkojo kwa sababu ya tezi dume au kichocho cha muda mrefu. Madaktari huugawa katika hatua tano kufuatana na kasi ya uchujaji, inayokadiriwa kutokana na kiasi cha kreatinini katika damu. Hatua ya kwanza ni kasi ya 90 au zaidi pamoja na dalili nyingine ya madhara, kama vile protini katika mkojo. Ya tano ni chini ya 15. Dayalisisi huzungumzwa katika hatua hii ya tano, ingawa haianzi kwa namba peke yake: hali ya mgonjwa mwenyewe hutazamwa.

Ubaya wa ugonjwa sugu ni ukimya wake. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo bila kuhisi chochote. Dalili zinapojitokeza, yaani kuvimba miguu na uso, mkojo wenye povu lisiloisha, kuwashwa mwili, kichefuchefu, uchovu, kuhema ukilala chali, mara nyingi muda mwingi umekwisha kupita. Kinyume chake, maumivu ya kiuno, ambayo huwapeleka wengi kununua "dawa ya figo" sokoni, kwa kawaida hutokana na misuli na uti wa mgongo. Si kweli pia kwamba mwenye figo zilizoshindwa lazima aache kukojoa. Wapo wanaokojoa vizuri kwa wingi, lakini mkojo wao ni kama maji matupu: uchafu umebaki kwenye damu.

Kutunza figo

Vipimo viwili vya bei nafuu hugundua ugonjwa mapema: kreatinini katika damu na protini katika mkojo. Mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye VVU, na mtu ambaye mzazi au ndugu yake aliugua figo anafaa kupima kila mwaka.

Presha na sukari ndizo za kushughulikiwa kwanza. Kosa la kawaida ni kuacha vidonge vya presha "kwa sababu imeshuka". Imeshuka kwa sababu ya vidonge hivyo. Baadhi ya dawa za presha, kama enalaprili na losartani, hupunguza pia upotevu wa protini na kuchelewesha uharibifu wa figo. Lakini hutakiwa kupimwa damu baada ya kuanzishwa, kwa kuwa huweza kupandisha potasiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo katika mkate, supu za pakiti na viungo vya vipande vya mchemraba.

Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huuzwa kila duka la dawa bila kuulizwa swali. Kwa mtu mwenye afya, akizitumia siku chache, hazina neno. Kwa mzee, mwenye presha, au aliyekauka maji mwilini, zinapunguza damu inayofika kwenye figo na zinaweza kuziangusha kwa siku chache. Sindano za jentamisini nazo zinahitaji kipimo sahihi. Mitishamba haiwezi kuhukumiwa kwa jumla, kwa sababu kila mti una yake, lakini baadhi imethibitika kuharibu figo, na mchanganyiko usiojulikana vilivyomo wala kipimo chake ni hatari zaidi kwa mtu ambaye figo zake tayari ni dhaifu.

Mkorogo wa kujichubua ngozi unastahili aya yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Nairobi waliwachunguza watu wazima waliokuwa wakivuja protini nyingi katika mkojo na kuvimba mwili, wakakuta zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka krimu zenye zebaki. Zebaki hupenya ngozi na kufika kwenye figo. Baadhi ya wagonjwa hao walipata nafuu walipoacha kujipaka. Krimu za namna hiyo zimepigwa marufuku katika nchi nyingi na bado zinapatikana mitaani.

Kuhusu maji ya kunywa, hakuna idadi moja ya glasi inayofaa kwa wote. Anayelima juani Dodoma au kuvua Lamu anahitaji zaidi kuliko anayekaa ofisini. Kiu na rangi ya mkojo (manjano hafifu) humwongoza vizuri mtu mwenye afya. Kunywa maji kupita kiasi "kuosha figo" hakurudishi nefroni zilizokufa, na kwa mgonjwa wa dayalisisi ni hatari, kama inavyoelezwa hapa chini.

Namna dayalisisi inavyofanya kazi

Mwanafunzi wa sekondari aliyejaza mrija wa viskingi kwa mchanganyiko wa wanga na sukari, kisha akauzamisha katika bika ya maji, ameshaiona dayalisisi kwa macho. Sukari hupenya utando na kutoka nje kwa kuwa molekuli zake ni ndogo, wanga hubaki. Ndani ya mashine damu ndiyo iliyo upande mmoja wa utando, na upande wa pili kuna maji maalumu yaliyopimwa chumvi zake. Urea, kreatinini na potasiamu, zilizo nyingi upande wa damu, huvuka. Chembe za damu na protini kubwa hubaki. Maji ya ziada huvutwa kwa tofauti ya shinikizo.

Utando huo umo katika chujio lenye umbo la silinda, ambamo damu hupita katika maelfu ya mirija myembamba kama nywele. Damu huzunguka kwa kasi ya mililita 200 hadi 400 kwa dakika, na dawa ya heparini huizuia isigande. Kipindi kimoja huchukua kama saa nne. Watu huogopa kwamba damu yote hutolewa mwilini. La hasha, iliyo nje wakati wowote ni kama glasi moja tu.

Maji ya upande wa pili hupita kwa kiasi cha mililita 500 kwa dakika. Kwa saa nne hiyo ni lita 120, yakiwa yametengwa na damu ya mgonjwa kwa utando mwembamba tu. Kwa hiyo hayawezi kuwa maji ya bomba: husafishwa katika mtambo maalumu kabla ya kufika kwenye mashine. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru nchini Brazil maji ya kituo kimoja yaliingiwa na sumu ya mwani, na wagonjwa zaidi ya 50 wakafa kwa kuharibika ini. Tangu hapo ubora wa maji hutazamwa kama uhai wa kituo chenyewe. Umeme ukikatika na maji yakikosekana, kituo kizuri namna gani hakiwezi kufanya kazi.

Damu hutolewa wapi? Kwa dharura mrija huingizwa katika mshipa mkubwa wa shingo au paja. Ni wa haraka, lakini ni mlango wa vijidudu. Njia bora ya muda mrefu ni fistula, yaani upasuaji mdogo unaounganisha ateri na vena mkononi, ili vena itanuke na kuwa ngumu ya kutosha kuchomwa sindano mara kwa mara. (Neno hili lisichanganywe na fistula ya uzazi, ni jina moja kwa mambo mawili yasiyohusiana.) Fistula huchukua wiki kadhaa kukomaa, hivyo ingefaa ifanywe kabla mashine haijahitajika. Mwenye nayo huigusa kila asubuhi kusikia mtetemo. Ukitoweka, anakwenda hospitali siku hiyohiyo. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, haulaliwi, wala haubebi ndoo.

Iko pia dayalisisi ya tumbo. Majimaji, kwa kawaida lita mbili, huingizwa tumboni kwa mrija wa kudumu, yakakaa saa nne hadi sita huku utando wa ndani wa tumbo ukifanya kazi ya chujio, kisha yakatolewa na mengine kuingizwa, mara nne kwa siku. Mgonjwa huifanya nyumbani mwenyewe. Hatari yake ni maambukizi. Majimaji yakitoka na ukungu ni dharura. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi njia hii imetumika kuokoa wagonjwa, watoto wakiwemo, ambao figo zao zilishindwa ghafla.

Historia

Neno lenyewe lilianzishwa na mwanakemia wa Uskoti, Thomas Graham, mwaka 1861. Mwaka 1924 daktari Georg Haas wa Giessen, Ujerumani, alimsafisha damu binadamu kwa mara ya kwanza. Mashine ya kwanza iliyofaa ilijengwa na Willem Kolff katika mji mdogo wa Kampen, Uholanzi, wakati nchi ikiwa chini ya Wajerumani, mwaka 1943. Kwa utando alitumia mirija ya selofani iliyotengenezwa kwa ajili ya soseji, akaizungushia pipa la vipande vya mbao. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67, Sophia Schafstadt, alizinduka akiwa kwenye mashine hiyo na figo zake zikarudi kazini.

Kwa miaka 15 iliyofuata tiba ilifaa kwa figo zilizozimia tu, kwa kuwa kila kipindi kiliharibu mshipa mmoja. Mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, Belding Scribner alibuni mrija wa kubaki mkononi wa kudumu. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi. Lakini mashine zilikuwa chache, na kamati ya raia saba ikapewa kazi ya kuchagua nani atibiwe na nani aachwe; walitazama kazi ya mtu, watoto wake, mwenendo wake katika jamii. Habari hiyo ilipochapishwa mwaka 1962 ilizua mjadala mkubwa, na mwaka 1972 serikali ya Marekani ikakubali kugharimia karibu wagonjwa wote wa figo. Penye uhaba kamati ya namna hiyo ipo siku zote, hata isipokutana: bei ndiyo inayochagua. Fistula ya mkononi ilielezwa mwaka 1966 na madaktari wa New York, akiwemo James Cimino.

Maisha ya mgonjwa

Mara tatu kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka. Kwa saa nne kila mara, ni saa 624, sawa na siku 26 kamili za kulala kwenye kiti cha mashine, bila kuhesabu safari ya kwenda na kurudi wala uchovu wa jioni ile. Waajiri wachache huelewa jambo hili bila kuelezwa. Wapo hata hivyo walimu, mafundi na wafanyabiashara wanaoendelea na kazi kwa kupanga zamu ya alfajiri au ya jioni.

Baina ya kipindi na kipindi mgonjwa asiyekojoa huhifadhi kila tone analokunywa. Kituo humpangia "uzito mkavu", yaani uzito wake akiwa hana maji ya ziada, na hupimwa anapofika na anapoondoka. Akija na kilo nne au tano za ziada, kuzitoa kwa saa nne hushusha presha, huleta kizunguzungu na mkakamao wa misuli; zikibaki, hujaa mapafuni. Wengi huruhusiwa nusu lita hadi lita moja kwa siku, pamoja na kiasi cha mkojo wanaoutoa. Chai, uji, supu na barafu vyote huhesabiwa. Mbinu inayosaidia kuliko zote ni kupunguza chumvi, kwa maana kiu hufuata chumvi. Nyingine ni kupima maji ya siku asubuhi katika chupa moja na kuyanywa kutoka humo tu.

Adui asiyeonekana ni potasiamu, ambayo ikizidi husimamisha moyo bila kuonya. Imo kwa wingi katika ndizi, parachichi, machungwa, nyanya, viazi, mihogo, maharage, mchicha, tende na maji ya dafu. Jikoni hupunguzwa kwa kumenya, kukatakata vipande vidogo, kuchemsha katika maji mengi na kuyamwaga maji hayo. Supu ya mboga, ambayo nyumbani huchukuliwa kuwa chakula cha mgonjwa, ndiyo yenye potasiamu yote iliyotoka. Wali mweupe na ugali wa sembe havina tatizo kubwa. Chumvi zinazouzwa kama "zenye sodiamu kidogo" mara nyingi zimewekwa potasiamu badala yake, hazimfai kabisa. Tunda la karambola, linalotoa umbo la nyota likikatwa, lina sumu inayoweza kumletea mgonjwa wa figo degedege na kifo. Ndugu yake, birimbi ya achari ya pwani, ikinywewa kama juisi imeripotiwa nchini India kuharibu hata figo nzima. Fosforasi nayo, iliyomo katika maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa, karanga na soda nyeusi, hudhoofisha mifupa na kuleta mwasho.

Jambo linalowachanganya wanaopika ni protini. Kabla ya dayalisisi mgonjwa huambiwa apunguze nyama, mayai na samaki. Akishaanza mashine anaambiwa aongeze, kwa sababu mashine hunyang'anya protini na mwili unakonda. Familia nyingi huendelea na katazo la zamani kwa mapenzi mema, na mgonjwa akadhoofika.

Kuruka kipindi ni hatari kuliko chakula chochote. Siku mbovu zaidi ni mwisho wa pengo refu, kwa kawaida Jumatatu au Jumanne, pale vituo visipofanya kazi Jumapili. Anayelazimika kusafiri kwa msiba au arusi apange kituo huko aendako kabla hajapanda basi. Muislamu anayesafishwa damu huangukia katika ruhusa ya mgonjwa kutofunga Ramadhani, na akitaka kufunga baadhi ya siku azungumze kwanza na daktari wake. Mgonjwa huchanjwa pia dhidi ya homa ya ini ya aina ya B, na huchomwa sindano za erithropoietini, ambazo humpunguzia haja ya kuongezewa damu. Damu ya kuongezewa mara kwa mara huweza kuufanya mwili ukatae figo ya kupandikizwa baadaye.

Huzuni na hasira huwapata wengi, hasa miezi ya mwanzo. Mkalimani mzuri wa hali hiyo ni mgonjwa mwenzake aliyekaa kiti cha jirani miaka mitatu.

"Ukianza huachi"

Imani inayosikika sana ni kwamba mashine ndiyo inayoua, au kwamba ukiigusa mara moja figo "huzoea" na kulala moja kwa moja. Chanzo chake kinaeleweka: wengi hufikishwa wakiwa wamechelewa mno, na jirani huona tu kwamba fulani alipelekwa kusafishwa damu akafa wiki ileile. Lakini figo hazizoei mashine. Mwenye ugonjwa sugu wa hatua ya mwisho haachi kwa sababu figo zake zilikwisha kabla hajaanza, kama vile mtu asivyoacha miwani. Mwenye figo zilizozimia ghafla, kwa mfano mama aliyetokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, anaweza kuacha baada ya wiki chache. Familia inayomkatalia mama huyo mashine kwa kuogopa kwamba "hataacha" inamnyima tiba ya muda ambayo ingemrudisha nyumbani kwa mtoto wake. Swali la kumuuliza daktari ni moja: je, huku ni kushindwa kwa ghafla au ni kwa muda mrefu?

Gharama na upatikanaji

Nchini Kenya mradi wa kukodisha vifaa vya tiba ulioanza mwaka 2015 ulipeleka mashine katika hospitali za kaunti, na bima ya taifa imekuwa ikilipia vipindi. Tangu Oktoba 2024 kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Nchini Tanzania huduma imeenea kutoka Muhimbili hadi hospitali za kanda na za mikoa kadhaa, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Asiye na bima hulipa mfukoni, na wengi huanza kwa kuuza shamba au kuchangisha, kisha hupunguza vipindi kutoka vitatu hadi viwili, na kutoka viwili hadi kimoja. Hata bima ikilipia mashine, nauli, vipimo na sindano za damu hubaki juu ya familia. Kabla ya kuanza ni vema kuuliza kituo gharama ya mwezi mzima, si ya kipindi kimoja.

Upandikizaji

Figo iliyopandikizwa hufanya kazi vizuri kuliko mashine, na baada ya muda ni nafuu kwa gharama. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanyika Boston mwaka 1954 baina ya ndugu mapacha. Joseph Murray aliyeuongoza alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Nchini Tanzania ule wa kwanza ulifanyika Muhimbili mnamo Novemba 2017 kwa msaada wa wataalamu kutoka India, ukafuatiwa na ule wa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Kenya ilikuwa imetangulia.

Mtoaji kwa kawaida ni ndugu. Huchunguzwa kwa makini, na akionekana ana dalili ya presha, kisukari au ugonjwa wa figo hukataliwa kwa usalama wake. Mwenye afya huishi vizuri na figo moja, ambayo hukua kidogo kufidia. Kuuza figo ni kosa la jinai karibu kila nchi, na wanaoahidiwa mamilioni na madalali mara nyingi hurudi na kovu na deni. Aliyepandikizwa hunywa dawa za kuzuia mwili usikatae figo kila siku, kwa saa ileile, maadamu figo hiyo inafanya kazi. Akiziacha kwa sababu anajisikia mzima, huipoteza na kurudi kwenye mashine.